Bibi Yako Alikuwa Akija

Jeffersontown, Agosti 2015

Mwanangu Adela,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana tumeonana saa tatu zilizopita. Ulichukua ufunguo wa gari langu na chapati mbili ukaniambia unakwenda kusukwa. Hali yako naijua: una furaha, unaogopa kidogo, na hutaki mtu ajue kama unaogopa. Yangu mimi si nzuri. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani na kalamu tangu umeondoka, mimi ambaye hata kadi za harusi za watu nakuachia wewe uziandike.

Baba yako yuko nje anapanga mizigo yako kwenye gari lake kwa mara ya tatu. Kesho alfajiri mnaanza safari ya Buffalo. Mambo ya kufua, ya koti la baridi na ya kula chakula cha maana sitayaandika. Hayo umeyasikia mpaka ukaanza kuyasema pamoja nami, tena kwa sauti yangu, na baba yako akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Nataka kukwambia jambo moja ambalo nilikuficha. Nimejaribu kulisogelea polepole, lakini kila nikisogea polepole naishia kuandika habari za hali ya hewa. Basi nalisema: una bibi. Ni mama wa mama yako aliyekuzaa. Yuko hai, kijijini kwake nje ya mji wa Bukoba. Alikuwa akija kukuona pale kituo cha kulelea watoto kila mwezi, na mimi nilijua.

Ukitaka kuiweka barua hii chini kwanza, iweke. Yaliyobaki yatakusubiri.

Ile hadithi unayoijua, niliyokufundisha mwenyewe, sehemu yake kubwa ni kweli. Tulikuwa tunaishi Columbus, huku huku Amerika, baba yako akisoma chuo, mimi nikisafisha maofisi. Nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Ya pili ilifika miezi saba, na nilikuwa nimeshafuma kofia. Watu wa ushirika wetu wa Waswahili walikuja na masufuria ya chakula na maombi, na mama mmoja akanipigapiga begani akasema nyumbani Tanzania kuna watoto wengi wanaotafuta mama. Nilimchukia wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza kufikiri.

Tukaenda nyumbani, mimi na baba yako, na hatukwenda mikono mitupu. Tulifika pale kituoni na gari limejaa katoni za maziwa ya kopo ya watoto. Wewe ulikuwa na miaka miwili na nusu. Ulikuwa umekaa chini unakula ndizi za kupikwa, na kila mtoto aliyesogelea sahani yako ulimtazama tu, mpaka akarudi nyuma mwenyewe. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu ile kofia. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, nilikutaka wewe na sikutaka mwingine.

Faili lako lilikuwa la ukurasa mmoja. Lilisema mama amefariki kwenye uzazi, baba hajulikani, ndugu hawapo.

Sasa nisikilize vizuri. Mzungu angesoma faili lile akaliamini, na nisingemlaumu. Mimi ni mtu wa Kagera. Kwetu tunajua watoto wachanga wanafikaje kwenye vituo vile. Mama akifa kwenye uzazi, na nyumbani hakuna wa kumnyonyesha mtoto wala uwezo wa maziwa ya kopo, ndugu wanampeleka kituoni akanyweshwe. Hawajamtupa, wamemweka. Akishaota meno, akishaanza kula ndizi kama wenzake, wanakuja kumchukua. Binamu yangu mwenyewe alilelewa hivyo, na siku aliporudishwa nyumbani nilikuwepo, na pilau nililila. Na wewe ulikuwa unakula ndizi mbele ya macho yangu.

Nikamuuliza msimamizi, kwa sauti ya chini ili baba yako asisikie, "Huyu hana kabisa mtu anayekuja?"

Akasema, "Kuna mama mtu mzima huwa anapita. Bibi yake, nadhani, au jirani. Lakini hana uwezo, dada. Nyinyi mna uwezo."

Akageuka akazitazama zile katoni. Ni vigumu kumkatalia mtu aliyekuletea maziwa ya watoto, na mimi nililijua hilo wakati tunayapakia garini. Sikuuliza tena. Kila kitu nilichokutendea baadaye, kizuri na kibaya, kimesimama juu ya swali hilo ambalo sikuliuliza.

Taratibu zilichukua miezi. Baba yako alirudi Columbus kwenye masomo, mimi nikapanga chumba mjini nikawa nashinda nawe kituoni kila siku ili unizoee. Jumamosi moja tulikuwa barazani. Nikamwona mwanamke anapandisha kwenye njia ya kituo, kanga mbili, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, na ndizi mbivu kichwani. Wewe ulimwona kabla yangu. Uliinua mikono yote miwili.

Nikakubeba nikaingia nawe ndani, nikakupeleka kuoga. Ulikuwa umeshaoga. Nilikuogesha mara ya pili, taratibu, nikiimba kwa sauti kubwa ili nisisikie wanachozungumza nje, na ulilia muda wote. Tulipotoka, ndizi zilikuwa mezani na mwenyewe ameshaondoka. Ulikula mbili. Baba yako aliponipigia simu nilimwambia umeanza kunizoea.

Hilo ndilo kosa langu, Adela. Nimelitafutia majina mengine kwa miaka mingi. Nimeliita upendo, nimeliita uchungu wa mama aliyepoteza. Nilikuwa na uchungu, ni kweli, na nilikupenda, ni kweli. Lakini nilijitia hamnazo mbele ya mtu aliyetembea kwa miguu kuja kukuona, na hilo nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Tulipofika Columbus nikawa mtu wa kusaidia. Unanikumbuka hivyo, najua. Kila Desemba tulijaza maboksi ya nguo na viatu kwa ajili ya kituo, na mimi ndiye niliyeshika kamati, na ole wake aliyeleta soksi zenye matundu. Na kila Desemba nilikusimamisha mbele ya ushirika na gauni lako la kitenge, useme yale maneno: "Naitwa Adela. Sikuwa na mtu. Mungu akanipa mama." Watu walitoa leso, maboksi yakajaa. Ulikuwa na miaka tisa uliponiuliza kwenye gari, "Mom, do I have to?" Nikakujibu kwamba ni lazima, wenzako wanavaa viatu kwa sababu yako. Ukageukia dirishani, hukuuliza tena mwaka ule wala uliofuata.

Nilidhani nimekufundisha shukrani. Nilikuwa nimekuvisha uongo wangu na kukupandisha nao mbele za watu, mtoto wa miaka tisa, na nikapigiwa makofi. Nakuomba radhi. Usinisamehe haraka kwa kuwa unasafiri.

Ulipotimiza kumi na moja, niliweka picha yako ndani ya boksi mojawapo, ile kubwa ya shuleni unayocheka umefumba jicho moja. Nilitaka waone ulivyokua. Kituoni wakaibandika ukutani ofisini. Na bibi yako akaiona.

Alikuwa bado anapita pale, unaelewa? Siku ile alipofika akakuta umekwenda, walimwambia umepelekwa shule ya bweni, mbali, utarudi likizo. Basi kila likizo ikawa anakwenda kukuulizia. Alikwenda likizo zote hizo, mpaka siku alipokuta sura yako ukutani na theluji nyuma yako.

Akamwomba mwalimu mmoja wa kijijini kwao, Mwalimu Deus, amwandikie barua. Kituo kikaituma Columbus, kwenye anwani yetu. Nimeiambatanisha hapa, utaisoma mwenyewe, lakini nakuandikia kwa sababu naijua kwa moyo: "Mimi ni Paskazia, mama wa marehemu Jenista. Nimeona picha ya mjukuu wangu. Mdomo ni wa mama yake. Sina neno baya na mtu. Naomba kujua kama ni mzima, na kama ameambiwa kwamba mimi nipo."

Maswali mawili tu, tena ya kujibiwa kwa mstari mmoja. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, nikaitia kwenye mkoba. Nilitembea nayo kazini na kanisani karibu mwezi mzima. Halafu nikaenda dukani nikanunua sweta la sufu, zito, la vifungo, na viatu vya kufunika. Nikaviweka juu kabisa ya boksi la Desemba, nikaandika jina lake kwa kalamu nene: Bibi Paskazia. Hakuna barua. Na nakwambia ukweli, nilijisikia vizuri. Niliona nimemtendea wema.

Mwaka uliofuata baba yako akapata kazi kiwandani huku Jeffersontown, tukahama. Wewe ulilia kuwaacha marafiki zako. Mimi nilifunga vyombo huku naimba, na ulinikasirikia kwa kuimba kule, na ulikuwa na haki kuliko ulivyojua. Nilidhani nimeikimbia anwani. Lakini yule rafiki yangu wa Columbus aliyepokea kamati alikuja kututembelea, akanipa bahasha iliyotumwa kwa ushirika. Ilikuwa mwandiko uleule wa mwalimu. "Sweta nimepata. Ni zuri, linatia joto. Sikuomba sweta." Chini yake namba ya simu ya Mwalimu Deus, basi.

Nimeishi na barua hizo mbili chini ya masanduku ya vitambaa vyangu kwa miaka sita. Unakumbuka nilivyokuwa nikikufokea ukigusa vitambaa vyangu.

Sasa unakwenda kusomea ustawi wa jamii. Ulituambia hapa hapa mezani, umekunja mikono kifuani, kama mtu anayetegemea kubishiwa: unataka kuwafanyia kazi watoto kama wewe. Baba yako alifurahi. Mimi nilisimama nikaosha vyombo safi. Sina elimu ya hayo utakayofundishwa, na walimu wako watakwambia vizuri kuliko mimi. Ninachokijua ni kidogo na nimekipata kwa aibu. Siku ukiwa umekaa upande wa meza wenye maziwa, au viatu, au saini, na mtu amesimama upande wa pili anauliza jambo, mjibu alichouliza. Mimi nilikuwa mwepesi wa kutoa, na kutoa kulinisaidia nisijibu. Watu walinisifu miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyegundua.

Pia usidhani waliokosea walikuwa watu wabaya. Msimamizi yule alikuwa na watoto wengi na wasichana wachache wa kuwahudumia, na aliamini kweli kwamba Amerika ni jibu. Baba yako aliamini faili. Aliyejua na akanyamaza ni mimi.

Kilichonivunja ni ile safari yetu ya Aprili kwenda kukiona chuo. Tulilala kwa Mama Odeta, yule mama wa Kirundi wa mtaa wa West Side, kwenye nyumba yake ya mbao inayolia kila ukikanyaga ngazi. Unaijua hadithi yake: amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, anafanya kazi ya ghala huko Cheektowaga, ana watoto watano na wawili kati yao amewazaa. Wale watatu aliwaokota kambini, kama anavyosema mwenyewe bila kupepesa. Ukutani jikoni kwake kuna karatasi, na kwenye karatasi kuna jina la kila mtoto, na chini ya kila jina kuna majina ya watu wake: baba mdogo yuko kambini bado, nyanya yuko Makamba kule Burundi, shangazi hajulikani alipo, na ameweka alama ya kuuliza. Mimi nilikuwa namenya viazi. Wewe ulikuwa unaisoma karatasi ile umeinamisha shingo.

Mama Odeta akakuuliza, "Na wewe binti, watu wako wako wapi huko Tanzania?"

Ukamjibu kwa Kiswahili, na safari hii hukusita hata kidogo, kama yale maneno ya Desemba: "Mimi sina mtu kule. Hakuna aliyewahi kuja kuniulizia."

Akaacha mwiko. Akanitazama mimi, hakukutazama wewe. "Hakuna mtoto asiye na watu, mama," akasema. "Kuna mtoto ambaye hajatafutiwa."

Nikasema viazi vimetosha. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za mbele, mabasi yanapita, na wewe ukanifuata na koti langu ukaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa na nafasi pale. Nilifungua mdomo. Ukanifunga zipu ya koti mpaka kidevuni kama mtoto, na nikashindwa kukuvunjia siku yako. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nakwambia moyoni, na wewe ulikuwa umelala.

Wiki tatu zilizopita nilimwambia baba yako yote. Alisoma zile barua mbili, akazikunja kama zilivyokuwa, akatoka akaosha gari ambalo halikuwa chafu. Aliporudi ndani hakupandisha sauti. Alisema, "Mwambie kabla hajaondoka. Usipomwambia, nitamwambia mimi njiani, na hatapenda kusikia kwangu." Hayuko nami vilevile tangu siku hiyo. Tunazungumza, tunakula, lakini kuna kitu anakisubiri kwangu, na sina haki ya kumhimiza.

Halafu nikapiga ile namba. Sikutegemea kwamba ingeita. Mwalimu Deus amestaafu, sauti yake imechakaa, nikajitambulisha kwa maneno mengi ya kuzungukazunguka mpaka akanikatiza: "Mama, mimi ndiye niliyeandika. Nakujua. Piga Jumapili saa kumi alasiri, nitamwita aje hapa kwangu." Saa kumi yao ni saa tatu yetu ya asubuhi. Nilipiga Jumapili, wiki mbili zilizopita, wewe na baba yako mkiwa kanisani, nikiwa nimewaambia kichwa kinaniuma. Kichwa kilikuwa kinaniuma kweli.

Nilisikia anapewa simu, akawa anapumua. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikaanza, "Mimi ndiye..." na sikujua nimalizie vipi. Neno lililokuwa linafuata ni lile ambalo nimelitumia miaka kumi na sita bila kumwomba ruhusa.

Akanisaidia. "Wewe ndiye uliyeingia naye ndani," akasema. "Nilikuona."

Nililia, na yeye akangoja, na huko kwao ni gharama kwa mtu mzee kukaa tu anasikiliza mtu mwingine analia. Nilipotulia akaniuliza lile la kwanza la barua yake: "Ni mzima?" Nikasema mzima, mrefu, mkaidi, anakwenda chuo kikuu. Akacheka kidogo aliposikia mkaidi. Akasema Jenista naye alikuwa hivyo. Halafu akauliza la pili, kama unajua kwamba yupo. Nikasema bado. Akasema, "Basi mwambie," na sikusikia hasira ndani yake, na ingekuwepo ningeona nafuu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kati ya mataulo yako, uikute Buffalo, ukiwa mbali nami. Nimeandika mpaka hapa nikijua ndivyo nitakavyofanya. Sasa naona ni lile sweta tena, kitu ninachokituma ili nisiwepo kinapofunguliwa. Kwa hiyo utakaporudi nitakupa mkononi, na nitabaki hapa jikoni. Kama utabamiza mlango, bamiza. Kama una maswali, nitayajibu kama yalivyoulizwa. Kama hutaki kuniona asubuhi, baba yako atakupakia garini na mimi nitakaa chumbani mpaka mtakapoondoka, ingawa hilo litaniua.

Nakupenda. Nimekupenda tangu ulipoilinda ile sahani. Siyaandiki hayo ili unipunguzie lawama. Nayaandika kwa sababu ni kweli, na leo nimeahidi kuandika yaliyo kweli tu, hata yale yanayonipendeza.

Kesho ni Jumapili. Mkiondoka alfajiri, saa tatu asubuhi mtakuwa mmefika Columbus au mko karibu. Baba yako amesema atasimamisha gari mahali, atashuka akutafutie chai, atachelewa kurudi kadiri utakavyotaka. Namba ipo kwenye barua ya pili. Bibi yako atakuwa nyumbani kwa Mwalimu Deus kuanzia saa tisa ya kwao, maana hataki kuchelewa. Hajaambiwa kwamba utapiga. Ameambiwa kwamba huenda ukapiga, na kama hukupiga kesho atakuja Jumapili inayofuata, hilo alilisema mwenyewe na mimi sikumwomba.

Aliniuliza kama unajua Kiswahili. Nikamwambia ukweli, kwamba unasoma vizuri na unaelewa kila kitu, lakini kuzungumza unasitasita, kwamba nikikusemesha unanijibu kwa Kiingereza, na kwamba kosa ni langu. Nilimwambia unaweza ukapiga simu ukakosa la kusema.

Akasema, "Mwambie asihangaike kutafuta maneno. Apige tu. Nitazungumza mimi."

Mama yako